Mbwa anapoanguka kifafa: maswali yenu na majibu yetu

SWALI: Mbwa wangu dume ana miaka 3. Juzi usiku alianguka ghafla, akakakamaa, kisha akaanza kupiga miguu kama anayeogelea huku povu likimtoka, akajikojolea. Alipoinuka alikuwa akigonga kuta kana kwamba haoni. Nimeambiwa ikitokea tena nimtie kijiko mdomoni asije akameza ulimi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na tafadhali mwambie kila mtu nyumbani asijaribu. Mbwa hawezi kumeza ulimi wake. Wakati ule taya linabana kwa nguvu zote na yeye mwenyewe hana habari. Kijiko kitamvunja meno, na mkono wako utang'atwa na mbwa ambaye hajawahi kukung'ata tangu umfuge. Usimmiminie maji wala dawa mdomoni pia, kwa sababu hamezi, na yataingia kwenye mapafu.

Cha kwanza ni kutazama saa. Hofu huifanya dakika moja ionekane kama kumi, na daktari wa mifugo atauliza muda kabla ya kitu kingine chochote. Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika 1 au 2. Ukishaangalia saa, sogeza meza na viti, mvute kwa kiuno kama yuko karibu na ngazi au maji, weka kitambaa chini ya kichwa, zima taa kali na redio, watoe watoto na mbwa wengine chumbani. Usimkandamize ili atulie. Kisha mtu mmoja ashike simu arekodi video, uso na macho yaonekane pamoja na miguu. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya robo saa.

Zikipita dakika 5 hajaacha, hiyo ni dharura. Ubongo uliofika hapo huwa umeshindwa kujizima wenyewe, na misuli inayotukutika inazalisha joto. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Degedege ndefu huweza kumpandisha hadi 41 na zaidi, na hapo viungo vya ndani huanza kuharibika. Mkiwa njiani kwenda kliniki, lowesha tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida na fungua madirisha. Barafu usitumie, maana hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani. Kama mna kipimajoto, acheni kumpoza akifika nyuzi 39.5, la sivyo atashuka kupita kiasi. Ni dharura vilevile akianguka mara 2 au zaidi ndani ya saa 24, hata kama kila mara ilikuwa fupi, au akianza degedege ya pili kabla hajarudiwa na fahamu.

Huko kugonga kuta ulikokuona ni hatua ya baada ya degedege. Wengine huyumba, wengine hawaoni kwa muda, wengine huzungukazunguka au hula kila wanachokiona. Hudumu dakika chache hadi saa kadhaa, mara chache siku nzima. Mfungie chumba kisicho na vitu, zungumza naye kwa sauti ya chini, usimwinamie usoni kwa sababu huenda asikutambue. Maji na chakula mpe pale tu anaposimama imara na kuitika jina lake.

Kuhusu chanzo, umri wake unasema mengi. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana, ambacho mara nyingi ni cha kurithi, huanza kwa kawaida kati ya miezi 6 na miaka 6. Mtoto wa mbwa hushukiwa kwanza kushuka kwa sukari, hitilafu ya mishipa ya ini tangu kuzaliwa, au distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mzee hushukiwa uvimbe kwenye ubongo. Jike anayenyonyesha, hasa wiki chache za mwanzo, huweza kutukutika kwa kupungukiwa kalisi, na huyo apelekwe saa hiyohiyo. Kwa umri wowote, jiulize alikula nini: sumu ya panya au ya konokono, dawa ya wadudu, chokoleti, au peremende zenye zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo humshusha mbwa sukari upesi sana. Beba pakiti yake uende nayo.

SWALI: Mbwa wetu ana kilo 20 na anapewa fenobabitali, dawa ya kuzuia kifafa, asubuhi na jioni. Anakunywa maji bila kikomo, anakojoa ndani, ana njaa ya ajabu, na wiki ya kwanza alikuwa akiyumba. Ila sasa ni miezi minne hajaanguka. Je, naweza kuacha dawa?

JIBU: Usiache, na usipunguze kidonge hata nusu kwa uamuzi wako. Kuikatisha fenobabitali ghafla kwenyewe huleta degedege, tena zile zisizokoma. Miezi minne ya utulivu ni kazi ya dawa. Wataalamu hufikiria kupunguza baada ya mwaka 1 hadi 2 bila degedege yoyote, na hata hapo kipimo hushushwa kwa asilimia 20 au chini ya hapo kila mwezi.

Kiu, mkojo na njaa ni madhara ya kawaida ya dawa hii. Kuyumba na usingizi hupungua sana baada ya wiki mbili hivi. Maji usimnyime; mtoe nje mara nyingi zaidi. Chakula ndicho cha kusimamia: kipime, kigawe mara tatu kwa siku badala ya kuongeza. Mbwa akinenepa mnapata tatizo jingine, kwa sababu kipimo hufuata uzito. Wengi huanzishiwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12, kwa hiyo wa kilo 20 huanzia kwenye miligramu 50 hivi kwa mara moja. Akifika kilo 25, dozi ileile imekuwa ndogo.

Jambo ambalo wenye mbwa wengi hawaambiwi ni kwamba ini huizoea fenobabitali na kujifunza kuivunja haraka zaidi. Mbwa anaweza kumeza kipimo kilekile kwa saa ileile, lakini baada ya miezi kadhaa dawa iliyomo kwenye damu ikawa imeshuka. Ndiyo maana damu hupimwa wiki 2 hadi 3 baada ya kuanza au kubadilisha kipimo, kisha baada ya miezi 3, halafu kila miezi 6, hata kama mnyama anaonekana mzima kabisa. Hupimwa kiwango cha dawa pamoja na hali ya ini. Mkiona fizi au weupe wa macho umekuwa wa njano, tumbo limejaa, anatapika au amekataa chakula, msingoje tarehe ya kipimo.

Saa zenu ziwe moja na moja jioni, au mbili na mbili, mradi zisiyumbe. Mkisahau, mpeni mara mnapokumbuka kisha mrudi kwenye ratiba. Ikiwa zamu inayofuata imekaribia, mpeni hiyo moja tu, msirundike mbili. Hesabuni vidonge na mchukue vipya mkiwa mmebakiwa na vya wiki mbili.

Mbwa akiongezewa potasiamu bromaidi, dawa nyingine ya kifafa, angalieni chumvi. Figo hutoa chumvi na bromaidi kwa njia moja, hivyo mbwa aliyeibia kitu chenye chumvi nyingi hukojoa dawa yake na anaweza kuanguka siku chache baadaye. Chakula chake kisibadilishwebadilishwe.

SWALI: Daktari alitupa diazepamu ya maji, dawa ya kuzima degedege, ya kumwekea mbwa njia ya haja kubwa akizidisha dakika 5. Niliivuta kwenye bomba la sindano nikaiweka tayari kabatini. Ilipohitajika haikusaidia.

JIBU: Plastiki ndiyo iliyoinywa. Diazepamu hushika kwenye plastiki na nguvu yake huisha ikiwa humo; mwanga pia huiharibu. Iache kwenye chupa yake ya kioo, gizani, na uivute pale pale inapohitajika. Bandika kwenye chupa kiasi kwa mililita, maana mikono ikitetemeka hesabu hupotea. Kwa kawaida ni miligramu 1 kwa kilo, na 2 kwa mbwa anayetumia fenobabitali, kwa sababu ini lake huivunja haraka. Dawa yenye miligramu 5 kwa mililita ina maana mililita 4 au 8 kwa mbwa wa kilo 20. Daktari wenu athibitishe.

Toa sindano yenyewe, ubaki na bomba, au weka mrija laini mwishoni. Paka mafuta ya kulainisha, ingiza sentimita chache tu, sukuma taratibu, kisha bana mkia chini kwa dakika moja. Usiingize mbali: damu ya sehemu ya juu ya utumbo hupitia ini kwanza, na nusu ya kazi inapotea. Vidonge vya kuyeyukia huko nyuma havifai kwa dharura, vinachelewa. Muulize pia daktari kuhusu midazolamu, dawa ya jamii ya diazepamu, ya kupuliza puani kwa kifaa chake maalumu. Kwa mbwa imeonekana kuzima degedege vizuri zaidi ya diazepamu ya nyuma.

SWALI: Wangu huanguka akikimbia, analegea, anainuka baada ya sekunde chache kama hakuna kilichotokea. Ni kifafa?

JIBU: Inaelekea zaidi kuwa moyo. Kulegea, muda mfupi na kuamka akiwa na akili timamu ni dalili za kuzirai. Asikimbizwe, asikilizwe moyo wiki hii.

SWALI: Mbwa aliyeletwa na jirani hajachanjwa, amebadilika tabia, anatoa mate, jana alipata degedege. Alimlamba mtoto kwenye kidonda.

JIBU: Chukulieni kuwa ni kichaa cha mbwa. Osheni kidonda cha mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mumpeleke hospitali leo hii, msingoje mbwa aonyeshe zaidi. Mbwa afungiwe bila kuguswa, mate yake yasimfikie mtu, na mpigieni daktari wa mifugo kabla ya kumsogelea tena.