Umeme umekatika, na mauzo "yaliyohifadhiwa" hayapo

Swali: Nimeandika programu ya mauzo kwa Python, inatumika dukani kwenye kompyuta ndogo ya Linux isiyo na betri. Kila mteja akilipa, programu inaongeza mstari kwenye faili, inaita f.flush(), kisha inatoa risiti. Umeme ukikatika, mauzo mawili matatu ya mwisho siyaoni, ilhali wateja wameshaondoka na risiti. Kwani flush() haiandiki diskini?

Jibu: Haiandiki, ndugu yangu, na Python haina kosa. flush() inatoa data kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya programu yako na kuikabidhi kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, basi. Kerneli inaiweka kwenye RAM na kukujibu papo hapo kwamba imepokea. Programu ikianguka baada ya hapo, data ipo salama. Umeme ukikatika, imekwenda. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data hiyo inaweza kukaa RAM sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa imechelewa, na kazi ya kuipeleka diskini huamka kila sekunde 5. Mauzo yako mawili matatu ndiyo hayo ya nusu dakika.

Jionee mwenyewe: nakili faili kubwa, kisha andika mara moja

grep Dirty /proc/meminfo

Hizo kilobaiti ni data inayosubiri. Andika sync, rudia amri ile, utaona zimeshuka.

Kwenye programu yako unahitaji mistari miwili, kwa mpangilio huu:

f.flush()
os.fsync(f.fileno())

fsync inaiambia kerneli ipeleke data ya faili diskini sasa hivi, na hairudi hadi imalize. Usiigeuze mistari hiyo, maana fsync haijui kilichobaki kwenye bafa ya Python. Na risiti itoke baada ya fsync kurudi, si kabla. Kama unafungua faili jipya kila siku, fanyia fsync na folda lake pia, la sivyo data inaweza kuwa diskini huku jina la faili halipo.

Watu wengi huharibu hapa: wanaizungushia fsync try na except: pass, yaani kosa likitokea programu inalipuuza. fsync ikitoa OSError, usiimeze, wala usiirudie ukaamini jibu la pili. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walibaini kuwa kerneli inaweza kutoa taarifa ya kosa mara moja tu, kisha ikaichukulia data ile kama imeshaandikwa. Fsync ya pili inafaulu, na data haipo. Tangu marekebisho ya 2019, PostgreSQL ikipata kosa hilo inajizima kwa makusudi na kuanza upya kutoka kwenye logi yake (kumbukumbu ya mabadiliko). Wewe simamisha mauzo, uichunguze diski.

Kuhusu kasi, usihofu. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara moja kwa takriban milisekunde 8, kwa hiyo hata fsync ikingoja mizunguko kadhaa, mteja hatajua. Ila ukiingiza maelfu ya mistari kwa mkupuo, iite mara moja mwishoni.

Kuna diski na kadi za bei poa zinazojibu "tayari" wakati data bado iko kwenye kashe yao ya ndani. Hapo msimbo hausaidii, nunua UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Ningekuwa wewe, ningehamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja. Kwa mipangilio yake ya kawaida, inafanya fsync yenyewe kila muamala unapokamilika. Ukiwasha WAL (njia yake ya kuandika mabadiliko kwenye logi kwanza), acha synchronous, mpangilio unaoamua fsync ifanyike lini, kwenye FULL. Ukiishusha hadi NORMAL, umeme ukikatika miamala ya mwisho inaweza kupotea tena.