Bangili za mkeo si mtaji wa roboti

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 36, nahodha wa boti hapa Lamu, baba wa watoto wawili. Nimepata roboti ya kompyuta inayofanya yenyewe biashara ya forex, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni, hata nikiwa nimelala. Bei ni Sh65,000. Muuzaji amenionyesha mchoro wa mwaka mzima, mstari unapanda tu, haujashuka hata mara moja. Nilimwomba mke wangu auze bangili zake za mahari, Sh120,000, zinazobaki ziwe mtaji. Amekataa, na amehamia chumba cha watoto. Nimemwapia kuwa safari hii pesa hazitapotea. Mke gani huyu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke.

Umeandika "safari hii". Basi ipo safari ya kwanza, nawe hukunieleza ilizama na shilingi ngapi, wala zilikuwa za nani. Mkeo anajua. Tena mwanamke hahami chumba kwa kuombwa bangili mara moja, umemwandama. Mahari ni haki yake mwenyewe, akikataa amekataa. Niko upande wake.

Huo mstari usioshuka ndio ulionitia hofu. Hakuna mfanyabiashara wa soko hilo asiyepata hasara. Asiyeonyesha hasara, mara nyingi ameacha biashara zenye hasara wazi bila kuzifunga ili zisihesabiwe, au roboti yake huongeza dau maradufu kila inapopoteza. Hebu tupige hesabu. Ukishalipa 65,000 unabaki na 55,000. Dau la kwanza liwe Sh200, kisha 400, 800, 1,600, hivyo hivyo. Hasara nane mfululizo zitakuwa zimekula Sh51,000. Dau la tisa linataka 51,200, nawe una 4,000. Hayo yanaweza kutokea usiku mmoja.

Na mchoro wenyewe hutengenezwa. Mtu hurekebisha vipimo vya roboti mpaka vioane na bei zilizokwisha kupita, kisha anakuuzia. Wewe nahodha, unavuka mkondo wa Mkanda kwa kutazama maji ya jana?

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya CFD, yaani kubahatisha bei itapanda au itashuka bila kumiliki kitu chenyewe, ambayo forex ya simuni ni mojawapo, hupoteza pesa. Na je, uliuliza habari ya riba inayohesabiwa biashara ikiachwa wazi ilale mpaka kesho?

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Mume anajifungia na simu, anapoteza kimya kimya, halafu mke anaitwa adui wa maendeleo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba yenu haina daftari, na aliyegundua ni mkeo.

Kama hamu haijakwisha, mwambie muuzaji akuachie roboti miezi sita kwenye akaunti ya majaribio, isiyo na pesa halisi. Akikataa, achana naye. Dalali wake, yaani kampuni inayopitisha biashara hizo, naye mtafute kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Asipokuwemo, usimpe hata senti.

Lakini hayo ni baadaye. Leo watoto wakilala, gonga mlango wa chumba kile, umwombe mkeo radhi, na umtajie kwa kinywa chako hasara ya safari ya kwanza, yote.