Anza na mkanda wa jina la waziri

Mdogo wangu unayetaka kuingia kwenye grafiksi za televisheni, najua kilichokuvuta: ufunguzi wa taarifa ya habari, dunia inazunguka, mwanga unapita juu ya herufi, ngoma inagonga. Hata mimi nilianzia hapo. Ila ufunguzi ukishatengenezwa hukaa hewani miaka. Kinachofanya kazi kila usiku ni ule mkanda wa chini wenye jina na cheo cha anayezungumza, na ndio utakaokufundisha kazi.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipakua kiolezo kizuri cha kigeni nikabadilisha rangi tu. Kilikuwa kimepimwa kwa vyeo vya neno moja. Jioni ile akaja Naibu Waziri, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Maneno hayakuenea. Nikapunguza herufi mpaka zikawa kama punje za mchele, na bado "za Mitaa" ikabaki nje. Isitoshe, herufi zilikuwa zinaingia mojamoja kwa sekunde tatu, na mwongozaji alikaa kwenye picha ile sekunde tano. Mtazamaji akabakiwa na sekunde mbili za kusoma cheo chote hicho. Prodyusa hakunigombeza. Aliniambia nisome kwa sauti nilichoandika, naye akatazama saa. Sikufika hata nusu.

Tangu siku hiyo naanza na cheo kirefu kuliko vyote, si kifupi. Jina mstari wa juu kwa herufi nene, cheo chini yake, na kama hakienei kinapata mstari wa pili, herufi hazipungui. Mkanda uingie kwa nusu sekunde, kisha utulie kwa muda wa kusoma maneno yote mara mbili taratibu. Mwendo wenyewe uwe kama daladala inayoingia kituoni: inakuja kwa kasi, inapunguza, inasimama. Ukisimama ghafla, jicho hubaki kwenye mruko badala ya kwenda kwenye jina.

Masomo mengi ya intaneti yanatoka Marekani, na huko hufanya kazi kwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Sisi Tanzania na Kenya tumerithi mfumo wa fremu 25. Ukitengeneza kwa 30, ikifika kituoni inabadilishwa na mwendo wako unaanza kukwamakwama. Weka 25 kabla hujachora chochote. Na epuka mistari ya mlalo iliyo myembamba kama uzi: vituo vingi bado hurusha picha iliyogawanywa mistari kwa zamu, na uzi huo utametameta usiku kucha.

Halafu kuna TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa. Usiidharau. Kuna nyumba ambazo bado zina chogo lililounganishwa kwenye king'amuzi kwa nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na chogo hula kingo za picha. Kwenye fremu ya 1920 kwa 1080, usiweke maandishi ndani ya pikseli 96 za pembeni wala 54 za juu na chini. King'amuzi kikipangwa kukata picha iwe ya umbo la zamani la 4 kwa 3, hupotea pikseli 240 kila upande, kwa hiyo jina la mtu mimi naliweka ndani zaidi ya hapo. Mapambo yakikatwa, hakuna aliyeumia.

Faili lenye uwazi nyuma usilitoe kwa MP4 ya kawaida, litakuja na boksi jeusi juu ya mgeni. Tumia ProRes 4444, aina ya video inayohifadhi uwazi huo, au mfululizo wa picha za PNG.

Jambo ambalo wanaojifunzia nyumbani hukosa ni hili: hewani hujui mgeni ataongea muda gani. Kwa hiyo mkanda una sehemu tatu, kuingia, kukaa, kutoka, na ile ya kukaa lazima iweze kusubiri sekunde nne au dakika nzima bila kuonekana imeganda. Hili unaweza kulifanyia mazoezi bila kuajiriwa. CasparCG, programu iliyotengenezwa na televisheni ya taifa ya Sweden, SVT, ni ya bure. Iweke kwenye kompyuta yako, andika jina, bonyeza liingie, ngoja, bonyeza litoke. Mara ya kwanza mkono utakutetemeka hata ukiwa peke yako chumbani.

Wiki hii tafuta vyeo vitano virefu vya serikali, vitengenezee mkanda mmoja unaovibeba vyote, toa nakala ya majaribio ya MP4 yenye picha nyuma yake, weka kwenye flashi na uchomeke kwenye king'amuzi cha nyumbani kama kinacheza video. Kaa pale anapokaa mama kutazama habari ya saa mbili, siyo karibu zaidi. Mwombe akusomee kwa sauti, na usimsaidie.