Kabla hamjatangaza aina mpya ya bakteria

Jana maabarani nimemkuta mmoja wenu anasuuza kinu kwa maji ya bomba, kisha anatwanga vikonyo vya mzabibu wa pili. Nikanyamaza. Ningefungua mdomo ningesema mengi, na mimi mwenyewe si msafi.

1. Xylella fastidiosa, bakteria anayeugusha mimea, hukaa kwenye zailemu, mirija inayopandisha maji ndani ya mmea. Leteni vikonyo na mishipa mikuu ya majani, si mifuko ya kingo zilizokauka.

2. PCR, kipimo cha kunakili DNA, ikigoma, msilaumu praima kwanza, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha nakala. Mzabibu una fenoli tele, kemikali zinazoizuia PCR. Zimueni DNA mara kumi, mjaribu tena.

3. Jeni moja haitoshi kutaja aina. Zisomeni zote saba: leuA, petC, malF, cysG, holC, nuoL na gltT. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Kromatogramu yangu ya malF, yaani mchoro wa usomaji wa DNA, ilikuwa na vilele viwili mahali pamoja, chekundu na cha bluu, vimepandiana. Nikaamua kirefu ndicho cha kweli. Jeni zilizofuata nikafanya vivyo hivyo. Hifadhidata ikazitambua aleli zote, yaani matoleo ya kila jeni, ila mchanganyiko wake haukuwemo. Aina mpya! Na kwa kuwa nususpishi (matawi ya spishi moja) za bakteria huyu kweli hubadilishana vipande vya jeni, maelezo nilikuwa nayo tayari. Nikatengeneza slaidi kumi na tisa, wadogo zangu. Kumi na tisa! Usingizi sikupata.

Kikaoni, mzee mmoja wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya mzabibu huu ulitwanga nini?"

Mlozi. Nilitwanga mlozi uliojaa nususpishi multiplex, nikasuuza kinu kwa maji, nikaendelea na mzabibu wenye bakteria wachache wa nususpishi fastidiosa. "Aina" yangu ilikuwa nusu mzabibu, nusu mlozi. Nikajitetea kwamba sampuli tupu, maji yasiyo na mmea, ilitoka safi. Ingetokaje chafu, na maji yake hayakupita kinuni? Tangu siku hiyo, kati ya sampuli na sampuli natwanga jani la mmea mzima usiougua, nalo naliendesha hadi mwisho kama mengine. Vilele viwili vikitokea, narudi kwenye kikonyo, siendi kwenye slaidi.

4. Bakteria huyu jina lake halikukosewa: ni mteuzi, na anakua polepole. Makoloni huweza kuchukua wiki mbili, hata tatu, kuonekana. Sahani zilizotupwa siku ya tano nimeziona.

Kinu cha mlozi bado kiko kabatini, rafu ya chini, nimekiandika kwa wino usiofutika. Jana ndicho mlichokichukua.