Kadi za "Mtakatifu Nyerere" zinamchelewesha Nyerere

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya sala vya Wakatoliki wa mtaa, hapa Tanga. Kuna mtu anapita kwenye jumuiya zetu akiuza kadi zilizoandikwa "Mtakatifu Julius Nyerere, Msimamizi wa Taifa". Picha ina duara la mwanga kichwani, na kila kadi inakuja na kichupa cha mafuta na pakiti ya udongo anaosema umetoka Butiama. Wenzangu wanataka tusali novena (sala za siku tisa) kwa kadi hizo hadi Oktoba 14, wanasema msimamizi wa Tanzania lazima awe Mtanzania. Inaruhusiwa? Na mgonjwa wetu akipona, taarifa tuipeleke wapi?

Jibu: Marahaba, dada Katibu. Hairuhusiwi, na kadi hizo msizigawe. Msimamizi wa Tanzania, yaani mtakatifu anayeiombea nchi, yupo: ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, sherehe yake Desemba 8, siku moja kabla ya Uhuru. Hakuna aliyemwondoa, wala jumuiya haina mamlaka ya kumwondoa.

Hoja ya uzawa isiwasumbue. Kanisa kuu lenu hapo Tanga lina jina la Mtakatifu Antoni wa Padua, naye alizaliwa Lisbon. Patrisi wa Ireland alitokea Uingereza, tena mara ya kwanza alifika Ireland akiwa mtumwa. Andrea Mtume ni msimamizi wa Scotland, na alikuwa mvuvi wa Galilaya. Kanisa halimpimi msimamizi kwa cheti cha kuzaliwa.

Msimamizi wa taifa hapatikani kwa umaarufu pia. Kwa utaratibu wa mwaka 1973, waamini na mapadre wanapendekeza, maaskofu wanaridhia, kisha Vatikani inathibitisha. Anayependekezwa sharti awe mtakatifu tayari. Mwenye heri, aliye ngazi moja chini ya mtakatifu, anahitaji kibali maalumu, na Mtumishi wa Mungu, ambaye mchakato wake ndio kwanza umefunguliwa, hapendekezwi kabisa. Mtaniambia Kaloli Lwanga, shahidi wa Uganda, alifanywa msimamizi wa vijana wa Afrika mwaka 1934, miaka 30 kabla ya kutangazwa mtakatifu. Kweli, lakini alikuwa mwenye heri tangu 1920, na aliyemweka ni Papa Pio XI, si mchuuzi wa kadi.

Mwalimu Nyerere leo ni Mtumishi wa Mungu. Mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, na jina hilo analo tangu 2005. Mbele yake kuna Mheshimiwa, Mwenye Heri, kisha Mtakatifu. "Baba wa Taifa" ni heshima aliyopewa na nchi nzima, Waislamu na Wakristo, na haimpandishi ngazi hata moja kati ya hizo.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha, maana nalisikia karibu kila semina ya makatekista hapa Bagamoyo: "Mwalimu, sisi tunamsaidia tu ili Roma waone anavyopendwa." Hapana. Mnamkwamisha. Tangu amri za Papa Urbano VIII katika karne ya 17, ni marufuku kumpa mtu heshima ya hadharani ya watakatifu kabla Kanisa halijamtangaza. Hiyo si amri iliyosahaulika kabatini. Katika kila mchakato, askofu analazimika kukagua kaburi, chumba alichoishi au kufia na mahali pengine panapoweza kuwa na dalili, kisha atamke rasmi kwamba ibada ya namna hiyo haikufanyika. Picha yenye mwanga kichwani iliyowekwa altareni, au novena ya hadharani kwa "Mtakatifu" ambaye bado si mtakatifu, ndiyo dalili yenyewe inayotafutwa. Anayempenda Mwalimu Nyerere amwachie faili lake likiwa safi.

Kuhusu mgonjwa wenu. Kusali faraghani kupitia Mtumishi wa Mungu hakukatazwi. Kuna sala zenye idhini ya askofu za kuomba atangazwe mwenye heri, tumieni hizo. Na Oktoba 14 ombeni paroko awaadhimishie Misa ya kumwombea marehemu. Mtu akipona kwa namna isiyoelezeka, taarifa iende kwa paroko, naye aifikishe kwa wanaosimamia mchakato. Ila jueni madaktari wataomba nini: vipimo vya kabla na baada, picha za eksirei, dawa alizotumia na tarehe zake. Vyeti vya hospitali vitunzeni. Wataalamu watauliza pia aliombwa nani. Mkisema mgonjwa alipakwa mafuta ya fulani, akalambishwa udongo, akasaliwa novena tatu za watakatifu watatu na mganga naye akapita Jumanne, hapo hakuna muujiza wa kupeleka popote, hata kama mgonjwa anacheza mpira.

Tena udongo mtu asiulambe. Ukiwa si wa Butiama, mmeuziwa mchanga. Ukiwa ni wa Butiama, bado ni mchanga. Na masalia ya kweli ya watakatifu, yaani mabaki ya miili yao au vitu vyao, ni marufuku kabisa kuyauza, kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inasema wazi. Kwa hiyo neno "masalia" likishafuatwa na bei, biashara hiyo ni haramu hata kama masalia yenyewe ni halali.

Wafanyabiashara hawa hawachagui mtakatifu. Leo ni Nyerere. Februari watakuja na mafuta ya Mtakatifu Bakhita, Juni na maji ya Namugongo walikouawa mashahidi wa Uganda, na katikati ya hapo ujumbe wa simu unaowatisha kwamba asiyetuma kwa watu kumi atapata msiba. Kabla ya kutoa shilingi, geuza kadi nyuma. Tafuta jina la askofu aliyeidhinisha sala, jimbo lake na mwaka. Pakiwa patupu, au mmekuta namba ya simu ya kutumia pesa tu, chukueni kadi moja mpelekee paroko leo, na mwambieni mchuuzi amsubiri hapo.