Usichanganye chokaa na yurea, na usinunue mfuko kabla ya majibu ya maabara

Simamisha hiyo pikapu kabla haijatoka dukani. Ekari nne za Boma Rhodes (nyasi za malisho) huko Trans Nzoia, Kenya, nyasi zimekonda na kuwa za manjano, na muuzaji wa agroveti (duka la pembejeo na dawa za mifugo) anakwambia umwage chokaa na yurea siku moja mvua ikianza? Hapana!

Yurea, mbolea ya nitrojeni, ikipata unyevu huvunjika na kutoa amonia. Udongo ukiwa na asidi kidogo, nyingi hubaki humo na mizizi ikaifyonza. Ukiitandazia chokaa, pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) ya pale juu hupanda na amonia hugeuka gesi ikapaa. Harufu inayochoma pua siku mbili tatu baadaye ndiyo pesa yako inavyoondoka. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, nawe unaziachia upepo. DAP, mbolea ya nitrojeni na fosforasi, nayo usiichanganye na chokaa: hupoteza amonia, na fosforasi yake hushikwa na kalsiamu.

Inaniudhi mno mtu kukaa nyuma ya kaunta akikutajia idadi ya mifuko bila hata kuuliza mara ya mwisho ulikata nyasi lini. Ushauri huo umeshawatia wafugaji wengi hasara, na aliyeutoa hajawahi kurudisha shilingi.

Pima kwanza. Pita shambani kwa zigizagi, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 15, baada ya kufagia majani na mizizi ya juu. Ruka palipo na kinyesi, zizi la zamani, kichuguu, kivuli cha mti na kando ya ua. Tumia ndoo ya plastiki safi. Ya mabati huchafua sampuli kwa zinki. Gunia lililobeba mbolea usiliguse kabisa, chembe chache tu zinatosha kuharibu majibu. Changanya, anika kivulini, peleka nusu kilo KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kabete au maabara nyingine inayoaminika. Bondeni na mlimani ziwe sampuli mbili tofauti.

Omba pia kipimo cha asidi iliyoshikwa na udongo na cha alumini, kwa sababu pH peke yake haikwambii chokaa kiasi gani: udongo wa mfinyanzi wa pH 5.0 hudai nyingi kuliko wa kichanga wa pH hiyo hiyo. Chokaa ikihitajika, itangulie miezi miwili au mitatu, ndipo mbolea ifuate. Na kwa kuwa nyasi zimeshasimama huwezi kulima, hivyo itashuka polepole. Igawe kidogo kidogo kwa misimu.

Na hiyo manjano, chuchumaa uiangalie. Ikianzia ncha ya majani ya zamani ikafuata mshipa wa kati, ni upungufu wa nitrojeni. Majani machanga yakitangulia, shuku salfa. Kingo za majani ya zamani zikiungua, ni potasiamu, na anayeuza marobota ya nyasi huimaliza haraka maana kila lori linaondoka nayo. Yurea haitibu hilo.

Majibu yakitoka yaweke hapa yote, tusome pamoja kabla hujalipa chochote.