Kabla ya Kuulizia Injini, Tazameni Mataruma

Vijana kadhaa wa hapa Tabora wamenijia kutaka ushauri: reli ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyofika mjini kwetu mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, itakapoiachia SGR, yaani reli mpya ya kisasa, kazi, je, kipande chake kimoja hakiwezi kutengenezwa kikawa kivutio cha wageni? Kinaweza, ila karibu wote huanza kwa kuulizia injini ya mvuke, na hapo ndipo tunapotofautiana.

Nimefanya kazi katika genge la matengenezo ya njia upande wa Urambo na Kaliua, na kwa niliyoyaona huko, adui mkubwa wa reli ni maji. Taruma, yaani kile kipande kinacholala chini ya reli na kuibeba, likiwa la chuma huwa na umbo la hori lililopinduliwa kifudifudi, na kokoto hushindiliwa ndani yake ili lisicheze. Mfereji wa pembeni ukiziba, tope hupanda na kuchukua nafasi ya kokoto, kisha kutu hula pale pale reli inapokalia, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni. Fukueni, mgonge kwa nyundo: taruma zima hulia, lililoliwa hutoa sauti butu.

Kwa hiyo chagueni kipande kifupi kilicho karibu na stesheni, mpate kibali cha maandishi cha Shirika la Reli, na mzibue makalavati, yaani mapito ya maji chini ya njia, kabla ya mvua za Novemba. Wageni wa kwanza wapandisheni kwenye kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, ambacho ni chepesi na hakiitesi njia. Reli ya Talyllyn kule Wales, iliyochukuliwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, nayo ilianza msimu wake wa kwanza kwa kipande kifupi tu.

Walinzi wawekwe mapema kuliko mabango, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawangoji mikutano. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi ule ule wa karanga wa Waingereza uliofika Urambo, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Nani leo ataifufua?

Hadithi za kuwasimulia wageni hazitapungua, kwani hata Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ilifika Kigoma kwa njia hii ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Wastaafu wa reli wangali hai, nao warekodiwe sasa. Injini ya mvuke ije mwisho, na kama fedha za kukagua na kukarabati boila hazipo, iwekwe chini ya paa stesheni, watoto waipande ikiwa imesimama.